Barabara Ikifungwa na Maji: Hasira Zetu Tuzipeleke Wapi

Wazee wetu, akina mama na akina baba, vijana wa bodaboda, madereva na makanga wa matatu, wafanyabiashara wa South B, South C, Mukuru, Imara Daima na Embakasi, na viongozi mliofika: hamjambo nyote, na asanteni kwa kuacha shughuli zenu za Jumamosi.

Tumeitana kwa sababu ya barabara. Mombasa Road ikijaa maji ikafungwa, upande huu wote wa jiji hukwama. Mfanyakazi wa Industrial Area hutoka kwake alfajiri na kufika kazini akiwa amechelewa kiasi cha kukatwa mshahara wa siku. Nauli hupanda mvua ikiwa bado inanyesha. Maziwa huharibika ndani ya lori. Ambulensi inayotoka Embakasi kwenda Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta huzunguka na mgonjwa kwenye vichochoro ambavyo navyo vimejaa magari. Hasira za watu ni za haki, wala hatukuja hapa kuzipoza. Tumekuja kutafuta anayestahili kuzipokea.

Kwa sasa zinamwangukia askari wa trafiki aliyesimama kwenye kizuizi. Anatukanwa, anapigiwa honi, na wengine wanakiondoa kizuizi chenyewe na kupita. Askari yule hakuliacha kalavati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, lijae mchanga tangu mwaka uliopita. Barabara ikifungwa maji yakiwa juu, imefungwa ipasavyo. Kosa lilitendeka miezi kadhaa nyuma, mdomoni mwa kalavati na kwenye meza ya bajeti, na huko ndiko tulikokosekana sisi wenyeji.

Tuanze na maji yenyewe, maana kuna wanaodhani kufungiwa barabara ni kuonewa. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 30 huanza kuliinua gari dogo. Magurudumu yakishaacha kushika lami, usukani hauna kazi tena. Yakifika sentimita 60 husomba magari mengi, pamoja na yale yanayoitwa makubwa. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na mkondo hauleti mita moja tu, unaleta mfululizo. Zaidi ya hayo, maji ya mafuriko ni ya kahawia: dereva haoni kifuniko cha shimo kilichoibwa, wala haoni ukingo wa lami ulioliwa kwa chini. Na aliyeliona basi kubwa likipita akajisemea kuwa naye atapita, akumbuke kwamba basi hilo limesukuma wimbi, na kina alichokiona kabla halijapita sicho atakachokikuta.

Madereva, hili ni lenu. Injini ikizimikia majini, usijaribu kuiwasha tena. Maji yakiingia kwenye silinda kupitia njia ya hewa hayashindiliki kama hewa inavyoshindilika. Pistoni ikipanda inagonga kitu kisichobonyea, na kinachopinda ni ule mkono unaoshika pistoni. Hapo kazi iliyokuwa ya kukausha na kubadilisha oili inageuka kuwa ya kufungua injini nzima. Chomoa waya wa betri, vuta gari hadi pakavu, fundi atoe plagi, azungushe injini ili maji yatoke, kisha atazame oili. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Imwagwe na filta ibadilishwe kabla ya kuwasha. Kwa waliovuka salama, kanyageni breki kidogo kidogo mkienda polepole hadi zikauke. Mwenye pikipiki asivuke na abiria mgongoni hata kama anaifahamu njia. Abiria akiyumba katikati ya mkondo, wote wawili wanakwenda.

Sasa, mbona hapa, na mbona kila msimu?

Nairobi imelala kwenye mteremko. Magharibi, kuanzia Kikuyu, Karen na Ngong, ardhi iko juu, nayo hushuka kuelekea mashariki hadi kwenye tambarare za Athi. Mito yetu mitatu, Nairobi, Mathare na Ngong, hufuata mteremko huo. Mto Ngong hupita Kibera, huingia Nairobi Dam, kisha hukata Industrial Area na Mukuru ukienda kuungana na Mto Nairobi. Ndiyo maana jua linaweza kuwaka South C na bado maji yakaja: yalianguka kule juu. Kule juu yanakimbia, yakifika huku kwenye tambarare yanapunguza mwendo, na maji yakipunguza mwendo huutua mzigo wake wa mchanga. Kalavati la huku hujaa tope haraka kuliko la mitaa yenye miinuko, hata kama yote mawili yalizibuliwa siku moja. Kwa hiyo ratiba moja ya usafishaji kwa jiji zima haifai. Upande huu unahitaji kusafishwa mara nyingi zaidi, na hilo ni dai la kwanza la kuandika.

Kuna pia udongo. Kule juu ni mwekundu, unakunywa maji. Huku ni ule mweusi unaonata viatuni wakati wa mvua na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Mvua za kwanza huzijaza nyufa, udongo unavimba na kujifunga, na baada ya hapo kinachoanguka juu yake hakizami, kinatafuta pa kwenda.

Tukaufunika kwa saruji, lami na mabati. Chukueni hekta moja, yaani mita mia kwa mita mia, inyeshewe mvua ya milimita 50 kwa saa. Ikiwa ni nyasi kwenye udongo unaopitisha maji, sehemu ya tano hivi ya mvua hiyo hutiririka, sawa na lita 28 kila sekunde. Ikiwa imewekwa lami au paa, sehemu tisa kwa kumi hutiririka, sawa na lita 125 kila sekunde. Ploti ni ileile na mvua ni ileile, lakini mtaro sasa unaletewa maji zaidi ya mara nne. Barabara yenyewe imo kwenye hesabu hii: kila kilomita ya lami yenye upana wa mita 20 ni hekta mbili. Na mvua inayoanguka juu ya Expressway, ile barabara ya juu ya nguzo iliyofunguliwa mwaka 2022 kutoka Mlolongo hadi Westlands, lazima nayo ishuke mahali.

Sasa tazameni bomba linalotarajiwa kuyapokea hayo yote. Kalavati la saruji lenye kipenyo cha milimita 900, likiwa safi na limelazwa kwa mteremko wa mita moja kwa kila mita mia, hupitisha lita 1,800 hivi kwa sekunde. Hilo linatosha hekta 14 za lami na paa katika mvua tuliyoitaja. Lakini huku ni tambarare. Mteremko ukiwa sentimita 20 tu kwa mita mia, kalavati hilohilo hupitisha lita 800, zinazotosha hekta sita na kidogo. Kisha tope lijae hadi nusu ya kimo chake. Watu hudhani litabaki na nusu ya uwezo. Halibaki na nusu. Nafasi imepungua nusu, lakini pia maji yanasuguana na tope kwa upana wote wa chini, mwendo unapungua, na kinachobaki ni theluthi moja na kidogo. Kutoka lita 800 tumefika lita 290 hivi, na kutoka hekta sita tumefika mbili na kidogo. Maji ya hekta zilizobaki yatapita juu ya barabara.

Na barabara iliyoinuliwa ikizibwa kalavati lake hugeuka ukuta wa bwawa. Nchi hii iliyaona hayo usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 karibu na Mai Mahiu. Wizara ya Maji ilieleza kwamba njia ya maji iliyo chini ya tuta la reli ilizibwa na takataka na mawe, maji yakajikusanya nyuma ya tuta, yakapasua, yakaua watu kwa makumi wakiwa wamelala. Anayesema kuzibua kalavati ni kazi ndogo ya vibarua, akumbushwe Mai Mahiu.

Nisiwape nusu ya habari, ndugu zangu. Kuna siku kalavati litakuwa safi kabisa na barabara bado itafurika. Mto Ngong ukipanda juu ya mdomo wa kutolea, maji ya mtaroni hayana pa kuingia. Yanasimama, na pengine yanarudi nyuma. Hapo dawa ni kupanua njia ya mto wenyewe, kuinua tuta, au kuyashikilia maji huko juu kwa saa chache. Ni kazi ya miaka na fedha nyingi. Tuidai, lakini tusikubali iwe kisingizio cha kutozibua bomba ambalo lingezibuliwa wiki ijayo.

Kuhusu takataka: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na mtu wa haki atakubali kwamba mitaro ilipata nafuu. Zilizobaki ni chupa, karatasi za nailoni, magodoro na matawi. Hizo huziba mdomo. Kinachojaza ndani ni mchanga, na mchanga mwingi hutoka kwenye ploti za ujenzi ambako rundo limemwagwa kando ya barabara bila kuzuiwa. Mwenye mjengo anayemwaga mchanga juu ya mtaro anaiziba barabara ya watu wote, na kumfuatilia ni rahisi kuliko kuwafuatilia maelfu ya watupa chupa, maana ploti ina namba na idhini ya ujenzi ina jina.

Kuzibua nako kuna utaratibu, na ukikosewa fedha zimepotea. Kazi huanzia chini, kule maji yanakotokea, na kupanda kuelekea juu. Ukianzia juu unalisukumia tope sehemu ambayo bado imeziba, na mvua ya kwanza inalishindilia hapo. Tope lililotolewa liondolewe siku hiyohiyo. Sote tumeona yale marundo meusi kando ya mtaro: mwanakandarasi amelipwa, rundo limebaki, mvua inakuja, tope linarudi lilikotoka. Kwenye mkataba wowote, malipo yafungwe kwenye tope lililopakiwa na kupelekwa jalalani, si kwenye mita za mtaro zilizochimbwa.

Hesabu ya mzigo ni hii. Kalavati la milimita 900 lenye urefu wa mita 30, lililojaa nusu, lina mita za ujazo tisa na nusu za tope, ambazo zikiwa mbichi zina uzito wa tani 15 au zaidi. Hizo ni safari mbili za lori linalobeba mita za ujazo saba. Mtaro wa wazi wenye upana wa sentimita 60 na tope la sentimita 30 una mita 18 za ujazo kwa kila mita mia. Kwa hiyo tunaposikia kwamba timu ya watu wanane yenye mabeleshi na wilbaro, bila lori, imemaliza barabara nzima kwa siku mbili, tujue kwamba haikumaliza.

Vijana wetu wanaojitolea, tunawashukuru, na tunawaomba jambo moja kwa msisitizo: msiingie ndani ya kalavati. Ndani mna hewa chafu isiyo na oksijeni ya kutosha, na mvua ya Karen inaweza kuleta maji huku bila ninyi kuona wingu. Kazi ya ndani ni ya mashine ya kusukuma maji kwa nguvu na lori la kufyonza. Kazi inayowafaa wenyeji ni midomo ya makalavati, wavu wa kuzuia takataka, na mitaro ya wazi iliyo mbele ya maduka yetu, mkiwa na gambuti na glavu, na mwenzenu mmoja juu akitazama mkondo.

Sasa lile la barabara kubaki imefungwa maji yakiwa yameshaondoka. Hapo ndipo watu hukasirika zaidi, na mara nyingi kuchelewa huko kuna sababu. Lami ni kifuniko chembamba. Kinachobeba lori ni tabaka za kokoto na udongo ulioshindiliwa chini yake. Maji yakikaa juu hupenya kwenye nyufa, na udongo mweusi ukilowa hupoteza nguvu. Pembeni ya kalavati mkondo hukomba udongo, na lami inabaki imening'inia juu ya pengo. Gari dogo linapita. La tani nyingi linazama.

Ukaguzi wa kweli unaonekana kwa macho, na mwenyeji yeyote anaweza kujua kama umefanyika. Mhandisi hushuka chini, hatazami kutoka dirishani. Huangalia kuta za mdomo wa kalavati kama zimepasuka au zimeachana na tuta. Hutazama sakafu ya mahali maji yanapotokea, maana ndipo mkondo hukwangua zaidi. Huchoma ukingo wa barabara kwa fimbo ya chuma na kupima nguvu ya tabaka za chini kwa kifaa cha kuhesabu mapigo ya nyundo. Hugonga lami kusikiliza penye uwazi. Baada ya hapo barabara yaweza kufunguliwa kwa magari madogo na matatu kwanza, malori yakisubiri tabaka zikauke. Kufungulia malori siku ileile kwa sababu ya shinikizo ni kuinunua barabara nyingine mpya, na tutailipa sisi.

Mashimo yakitokea, tudai yazibwe vizuri. Kumwaga udongo wa murram ndani ya shimo lenye maji ni kujaza tope jipya juu ya la zamani. Magurudumu hulitoa ndani ya siku chache. Shimo hukatwa kingo zikawa wima, huchimbwa hadi kufikia tabaka kavu na ngumu, hujazwa kokoto kwa tabaka zisizozidi milimita 150 na kila moja kushindiliwa, kingo hupakwa lami ya majimaji, ndipo lami ya moto ikawekwa na kushindiliwa kabla haijapoa. Ikipoa kwenye lori kwa sababu ya msongamano, haishikani tena, hata igandamizwe namna gani.

Kuna la kulaumu katika namna barabara inavyofungwa, nalo ni bei rahisi kurekebisha. Dereva hufika kwenye kizuizi akiwa ameshapita njia ya mwisho ya kugeukia, na hapo anakwama yeye na mia walio nyuma yake. Bango la onyo linapaswa kusimama kabla ya kona ya mwisho, kwa kila upande. Mahali panapojulikana kufurika pawekwe nguzo iliyopakwa alama kila sentimita 10, ili askari, dereva na mtembea kwa miguu wasome kina kimoja badala ya kubishana. Tangazo liseme ni sehemu ipi imefungwa, magari ya aina gani, njia mbadala ni ipi, na litarudiwa saa ngapi. Malori yasielekezwe kwenye barabara za mitaa zisizojengwa kuyabeba. Tumezoea kupoteza barabara mbili kwa mvua moja. Na wanaotembea kwa miguu, ambao ndio wengi katika jiji hili, waachiwe njia iliyoinuliwa na yenye taa. Anayelazimika kupita katikati ya barabara gizani kwa sababu kando pamejaa maji hakuhesabiwa na aliyepanga.

Basi nani anawajibika? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 linaipa Serikali ya Kitaifa ujenzi na uendeshaji wa barabara kuu za kitaifa. Jedwali hilohilo linaipa Kaunti barabara za kaunti pamoja na mifumo ya maji ya mvua katika maeneo yaliyojengwa. Mombasa Road ni barabara kuu ya kitaifa, iko chini ya Mamlaka ya Barabara Kuu, KeNHA. Barabara nyingine za jiji ziko chini ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, KURA, na nyingi za mitaani ziko chini ya Kaunti ya Jiji la Nairobi. Mto una msimamizi wake, Mamlaka ya Rasilimali za Maji. Maji hayaijui mipaka hiyo. Yanatoka kwenye paa la godauni, yanapita mtaro wa Kaunti, yanaingia kalavati la KeNHA na kutokea mtoni. Zikizibuliwa sehemu tatu kati ya nne, barabara itafurika vilevile, na kila ofisi itaonyesha risiti kwamba ilifanya sehemu yake.

Kwa hiyo barua yetu isiende kwa ofisi moja. Iwe barua moja yenye nakala kwa zote, ikiwa na ramani moja ya njia ya maji kuanzia juu hadi mtoni, na ombi moja kuu: wakutane mahali pale, siku moja, waonyeshe nani anasafisha kutoka wapi hadi wapi. Mpaka wa uwajibikaji uandikwe. Kwangu mimi, hili lina thamani kuliko ahadi ya mradi wowote mpya.

Msiseme hakuna fedha kabla ya kuuliza. Kila lita ya petroli au dizeli inayonunuliwa nchini hutozwa ushuru wa matengenezo ya barabara. Ulikuwa shilingi 18, ukapandishwa hadi shilingi 25 mwezi Julai 2024. Matatu inayochoma lita 40 kwa siku huchangia shilingi 1,000 kila siku. Mwenye matatu ana haki ya kuuliza ni kiasi gani kimezibua mtaro.

Na njia ya kuuliza ipo. Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba, inamruhusu raia kuomba habari kwa maandishi, kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Unaweza kutozwa gharama ya kunakili tu. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na ikiwa habari inahusu uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, unapeleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Lakini ombi lililoandikwa kwa jumla hujibiwa kwa jumla. Msiulize mbona barabara inafurika. Ulizeni: orodha ya makalavati kati ya pointi hii na ile, na kipenyo cha kila moja; tarehe ambayo kila moja lilisafishwa mara ya mwisho; jina la mkataba, kiasi chake, na mita za ujazo za tope zilizolipiwa; jalala zilikopelekwa; na mfumo ulisanifiwa kubeba mvua kubwa kiasi gani, yaani ile inayokuja mara moja kwa miaka mingapi. Mkishajibiwa, mnaweza kwenda na maombi rasmi kwenye Bunge la Kaunti kupitia mwakilishi wadi, na hatakuwa na pa kuteleza.

Tarehe nazo zina maneno. Mvua za masika huanza Machi, za vuli Oktoba. Usafishaji unapaswa kukamilika Februari na Septemba. Tunaona mashine zikija Aprili, maji yakiwa magotini, wakati hata tope halionekani. Ili fedha ziwepo Februari, zinapaswa kuwa zimepangwa mapema zaidi: mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa Kaunti hufika bungeni kabla ya tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kabla ya 28 Februari, na makadirio ya bajeti kabla ya 30 Aprili. Vikao vya kupokea maoni ya wananchi huitishwa kabla ya tarehe hizo, navyo huwa havijai. Siku tunayojaa sisi ni ya mafuriko, na siku hiyo bajeti imeshafungwa.

Kuhusu majirani zetu wa kando ya mto. Kanuni zinaweka ukanda wa kati ya mita 6 na mita 30 kila upande wa mto, na mwaka 2024 tuliona nyumba za Mukuru na Mathare zikibomolewa. Kuishi ndani ya njia ya mafuriko ni hatari, na anayehamishwa anastahili notisi na mahali pa kwenda. Lakini haki iwe ya wote. Paa la mabati la chumba cha mita tatu kwa tatu hutoa lita 450 katika mvua ya milimita 50. Godauni lenye paa la hekta moja hutoa lita 500,000 katika mvua hiyohiyo, na maji hayo yote hutupwa mtaroni mara moja. Kuta za mawe zilizosogezwa hadi ukingoni mwa mto nazo zipimwe kwa futi ileile. Wenye majengo makubwa waliomo humu, tangi la lita 5,000 hushika maji yote ya paa la mita kumi kwa kumi katika mvua kama hiyo. Kwenye paa kubwa, hata bwawa dogo la kuyashikilia kwa saa mbili na kuyaachia polepole linaupa mtaro nafasi ya kupumua.

Tunaanza wiki ijayo. Kila kundi litahesabu makalavati ya sehemu yake na kuandika manne kwa kila moja: mahali lilipo, kipenyo, kimo cha tope, na maji yanakoelekea baada ya hapo. Kimo cha tope hupimwa kwa kijiti ukiwa umesimama nje: shusha kutoka dari la kalavati hadi kijiti kiguse tope, kisha toa kipimo hicho kwenye kipenyo. Kalavati la sentimita 90, kijiti kikigusa tope kwenye sentimita 40, tope ni sentimita 50. Pigeni picha mbili, moja ya mdomo wa kuingilia na nyingine ya kutokea, kipimo kikionekana. Kundi la South B litaanzia mtoni na kupanda hadi barabarani, la Imara Daima litafuata mtaro wa upande wa pili, na wenye matatu wataandika kila mahali wanapolazimika kupunguza mwendo mvua ikinyesha, maana hakuna anayeijua barabara hii kuwazidi. Fomu ziko mezani kwa katibu. Mvua ikinyesha siku hiyo, hapa au Ngong, hakuna anayeshuka mtaroni. Tunaahirisha hadi Jumamosi inayofuata.